Treni Haijafika: Miaka Yangu ya Nyimbo za Kijapani Bukavu

Mgeni akija kwenye sikukuu ya shule yetu ya wasichana, kuna dakika moja ambayo mimi huitazama sura yake tu. Wasichana wameimba wimbo wa Kanisa, mgeni ametikisa kichwa kwa heshima. Wameimba kwa Mashi, lugha ya kwetu, amepiga makofi. Kisha wanaanza kuimba Kijapani, na mgeni anamgeukia jirani yake.

“Hii ni luga gani tena?”

“Kijapani.”

“Juu ya nini Kijapani?”

Patient, kijana aliyechukua darasa langu la kuimba mwaka huu, naye aliniuliza hivyo hivyo, tena mbele ya wanafunzi. Nilimwambia nitamjibu nikiwa nimekaa. Sasa nimekaa. Nimepumzika kazi, magoti yangu yamekataa vilima vya Bukavu, na binti yangu amenikataza hata kupanda Kadutu kwenda sokoni. Basi naandika, kwa Patient na kwa wengine watakaokuja nyuma yake. Vyeo nilivyopewa na nilivyonyimwa sitavitaja, maana havikumfundisha mtu yeyote kuimba.

Siku yangu ya kwanza kazini nilionyeshwa chumba nyuma ya jiko la shule. Kilikuwa na kinanda cha upepo chenye kanyagio moja lililokufa, ubao, na harufu ya maharage ambayo haikuondoka mpaka nilipoondoka mimi. Mkuu wa shule, ambaye sote tulimwita Maman Prefe, alinikabidhi ufunguo akasema, “Madame Nabintu, batoto ya hapa iko na sauti, lakini inapiga tu kelele. Utatupangia.” Akaenda zake. Huo ndio uliokuwa mpango wangu wa masomo.

Aliyenisaidia ni Papa Cirhuza, mzee aliyeongoza kwaya ya parokia kabla sijazaliwa. Alinipa diapazoni yake, kile chuma cha pembe mbili ambacho ukikigonga gotini na kukisogeza sikioni kinakuimbia noti iitwayo la. Alinipa na shauri moja. “Usibapatie maneno haraka,” aliniambia. “Mbele bakule sauti. Maneno itakuya nyuma.” Nilimwuliza watakula sauti namna gani bila maneno. Akasema nitafute wimbo ambao hawaelewi. Nilidhani mzee anatania. Tulikuwa na nyimbo nyingi za Kifaransa ambazo wasichana hawakuzielewa, na hazikunisaidia kitu.

Kifaransa ni lugha nzuri ya kuandikia barua na ya kugombana ofisini, lakini kwa mwalimu wa kwaya ni mateso. Maneno yake mengi yanaishia kwa kufunga mdomo. Darasa zima likifika kwenye s ya mwisho, kila msichana anaifunga kwa wakati wake, na unasikia tairi linalotoa pumzi. Halafu kuna zile sauti za puani. Nusu ya darasa walizitoa puani, nusu walizitoa kooni, na wachache walizimeza kabisa.

Kiswahili nacho kilikuwa na ubaya wake. Si lugha yenyewe. Ni sisi wenyewe. Sisi Bashi tunachanganya r na l tangu tumboni mwa mama, tunasema “kurara” pale wengine wanaposema “kulala.” Msichana wa Ibanda, hapa mjini, anamcheka wa kijijini Kabare, wa Kabare anamcheka aliyetoka Shabunda. Kila nilipowapa wimbo wa Kiswahili, walisikilizana wapi mwenzao atakosea. Msichana anayeogopa kuchekwa hafungui mdomo, na sauti haina mlango mwingine wa kutokea.

Nilifundisha hivyo kwa miaka kadhaa. Kisha kwenye nyumba ya watawa iliyopakana nasi aliletwa masera mmoja Mjapani, Masera Kazuko. Alikuwa ametumia ujana wake wote upande wa Katana akizalisha akina mama, na sasa, kwa kuwa mgongo wake ulikuwa umechoka kuinama, walimpa kazi ya kunyoosha nguo za nyumba. Alikuwa mdogo wa umbo, mwenye miwani mizito, na akisalimia kwa Mashi hungejua ni mgeni mpaka umwone.

Alikuwa akiimba akipiga pasi. Pasi yenyewe ilikuwa ya makaa, dirisha lake lilitazama chumba changu, na asubuhi moja nilikuwa nikiandika noti ubaoni nikasikia sauti nyembamba inapanda, inakaa, inashuka pole pole. Wimbo sikuujua. Lakini mkono wangu ulianza kuuandika ubaoni kwa do-re-mi bila taabu yoyote, kana kwamba naandika wimbo wa harusi ya kwetu Kabare. Hilo lilinishangaza. Nilitoka na chaki mkononi.

“Masera, ile mwimbo ni ya Kanisa gani?”

Akacheka, akaiweka pasi kando. “Ile? Hapana ya Kanisa. Ile ni ya redio. Ya zamani, ningali musichana.”

“Na inasema nini?”

“Mutu iko ku gari ya treni.” Akafikiri. “Hapana. Treni haiko. Mutu iko anangoja treni. Mvua inanyesha.”

“Ni yote?”

“Ni yote,” alisema. “Kwetu ile inatosha kufanya batu balie.”

Nilimwomba anifundishe. Alinikatalia kwanza, akisema atachekwa na masera wenzake, mtawa mzee kufundisha nyimbo za redio. Siku ya pili alikuja mwenyewe chumbani kwangu, amebeba kiti chake.

Maneno ya kiitikio niliyaandika ubaoni kama nilivyoyasikia, kwa herufi zetu: *densha ga konai, kasa sashite, mada matte iru*. Niliwasomea wasichana mara moja. Walirudisha. Niliwasomea tena, nikasimama, maana hakukuwa na la kusahihisha. Kila kipande kilikuwa na konsonanti yake na vokali yake, ka-sa-sa-shi-te, na vokali zenyewe zilikuwa zile zile tano ambazo kila mtoto wa Kivu anazo mdomoni kabla hajaota meno. Neno halikufungwa popote. Hakuna s ya mwisho, hakuna tairi. Wasichana walifika mwisho wa mstari pamoja, mdomo wazi, na sauti ikabaki imesimama chumbani. Kengele ya saa nne ilipolia walikuwa wameshashika kiitikio kizima. Wimbo wa Kifaransa wa urefu ule ulikuwa ukinichukua mwezi.

Hapo ndipo nilipopata ugonjwa wa kuuliza. Nilitaka kujua kwa nini. Kila Masera Kazuko alipopata nafasi nilimkalisha na kumhoji, na mengine ninayowaandikia hapa nilijifunza kwa kumchosha.

Jambo la kwanza ni kwamba wao hawahesabu silabi kama sisi, wanahesabu mapigo. Hiyo n ya *densha* inasimama peke yake, inapewa noti yake: de, n, sha. Wasichana wa Bukavu wanasema “mutu,” hivyo niliwaambia wamkumbuke mtu wa pwani, namna anavyosema m-tu na kuiacha ile m ijitegemee. Walielewa mara moja, kisha siku nzima wakatembea uwanjani wakiigizana Kiswahili cha pwani. Na lile neno *matte* lina pigo ambalo halina sauti kabisa. Unasema ma, unanyamaza pigo zima, kisha unasema te. Nilifundisha kunyamaza huko kwa kuwagongea meza. Wengi waliniambia baadaye kwamba hapo ndipo walipopenda zaidi, pale ambapo kwaya nzima inashika pumzi kwa pamoja.

La pili ni noti zenyewe. Nyimbo zao nyingi za zamani zinatumia noti tano tu, do, re, mi, sol, la. Fa na si zimeachwa nje. Bibi zetu wakiimba shambani hukanyaga hizo hizo. Ndiyo sababu mkono wangu uliandika bila kuuliza. Na pale ambapo mwimbaji wa Kijapani anatikisa noti moja kidogo kabla ya kuiachia, Masera alikunja ngumi yake ya kizee kutuonyesha nguvu inayotakiwa. Wasichana waliokuwa wamezoea kusikia vilio vya matanga ya Bashi walifanya hivyo bila kufundishwa. Wale wa mjini ilibidi wajifunze kwa wenzao wa vijijini, na niliona kwamba hilo halikuwa jambo baya.

La tatu alinieleza siku moja akikunja mashuka. Kule kwao, alisema, watu wakitoka kazini huingia katika vyumba vidogo, mashine inapiga muziki, maneno yanapita kwenye televisheni, na kila mtu anaimba kwa zamu. Bosi anaimba, mfagiaji anaimba.

“Kama nyimbo iko nguvu sana kuimba, nani ataimba?” aliniuliza. “Mwenye kuitunga anafikiria koo ya mutu aliyechoka. Mbele iko chini, chini, unapumzika. Kisha ile sehemu batu bote banangojea, inapanda. Lakini haipandi kupita wewe.”

Tangu siku hiyo, nikichagua wimbo wa lugha yoyote kwa wanafunzi, kitu cha kwanza ninachouliza ni kama mtungaji alimfikiria mtu aliyechoka.

Vichekesho havikukosekana. Ubeti wa pili ulikuwa na neno *hana*, ambalo kwao ni ua. Wasichana waliimba “hana, hana,” na wa nyuma wakajibu kwa sauti, “Hana nini?” Walipojua kwamba *mimi* ni sikio na *nani* ni nini, somo lilikufa. Nilimwona Masera Kazuko akifuta machozi ya kicheko kwa aproni. Na ile r yake haikuwa r wala l, ilikuwa katikati, pale pale ambapo ulimi wa Mshi unapenda kukaa. Kwa mara ya kwanza katika shule ile, msichana wa Kabare aliambiwa atamke mbele ya darasa ili wengine wamwige.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache. Masera aliandikia ndugu zake wakamtumia kaseti, na mimi nilileta redio ya nyumbani. Betri tulizianika juani juu ya ukuta wakati wa mapumziko ili zipate nguvu kidogo. Mwimbaji wa kike akianza kusikika kama mwanamume, tulijua zimekwisha.

Sasa nieleze habari za Furaha.

Furaha aliletwa na shangazi yake kutoka Shabunda. Baba yake alikuwa mchimba dhahabu. Kilima kilishuka juu ya shimo walimokuwa wakichimba, watu wengine walitolewa, yeye hakutolewa. Mama alibaki kule na watoto wadogo. Furaha alifika kwetu akiwa anaandika vizuri, anahesabu vizuri, na hasemi. Shangazi alituapia kwamba zamani alikuwa akisema mpaka wanamwambia anyamaze. Siku zake za kwanza alijaribu kumjibu mwalimu, wenzake wakacheka lafudhi yake ya Kirega, lugha ya kwao, naye akafunga mdomo moja kwa moja. Akiulizwa somo, alisimama akatazama dawati. Mitihani ya kusema alipata sifuri baada ya sifuri.

Darasani kwangu alikaa safu ya nyuma, karibu na mlango. Sikumlazimisha. Siku ya ule wimbo wa treni nilikuwa nikipita kati ya safu, nikisikiliza kila mmoja kwa ukaribu kama Papa Cirhuza alivyonifundisha, na nilipomfikia nilisikia sauti nzito, ya chini, safi. Nilidhani ni ya jirani yake. Nikainama. Ilikuwa yake. Niliendelea kutembea kama sikusikia kitu, maana niliogopa nikisimama itakimbia.

Nilimwambia Masera Kazuko. Hakushangaa. “Kwa hii luga hakuna mwenye kumucheka,” alisema. “Bote ni bageni. Hata Madame yabo ni mugeni.”

Kwa majuma mengi Furaha aliimba Kijapani na hakusema kitu kingine. Wakati huo walimu walikaa kuzungumza juu ya wanafunzi wa kurudishwa nyumbani. Papa Balola, mwalimu wa hesabu, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na madarasa makubwa na subira ndogo. Alisema mtoto asiyesema apelekwe mahali wanapojua kufundisha watoto wasiosema.

“Anasema,” nilimjibu. “Anaimba.”

“Anaimba nini?”

Nilijua jibu langu litasikika vibaya. “Anaimba Kijapani.”

Chumba kizima kilicheka, na mimi pia nilicheka. Maman Prefe peke yake hakucheka. Alisema, “Madame Nabintu, sikukuu ya shule iko karibu. Pale, minataka nimusikie anasema neno moja ya kuelewa. Kiswahili, Kifaransa, Kirega, yoyote. Kama hapana, shangazi yake atamuchukua.”

Nilitoka mle nikaenda moja kwa moja kwa Masera Kazuko. Nilifikiri nimfanyishe mazoezi peke yake, nimwandikie sentensi fupi aikariri. Masera Kazuko alinikataza. Alisema huko ni kumrudisha kwenye mtihani. “Endelea na mwimbo,” alisema. “Lakini sasa tafuta maana.”

Basi niliwaambia wasichana kwamba kwenye sikukuu tutaimba kiitikio mara mbili, kwanza kwa Kijapani, kisha kwa Kiswahili, ili wazazi waelewe. Tafsiri tutaitafuta pamoja. Masera alikuja na kiti chake. Mstari wa kwanza ulitujia wenyewe: *densha ga konai*, treni haijafika. Msichana mmoja wa pale pale mjini alitaka tuseme boti ya Goma, kwa kuwa darasani hakuna aliyewahi kuona treni. Nilikataa, nikasema hata mimi sijaiona treni, na wimbo unaniuma vile vile. Mstari wa pili haukusumbua: *kasa sashite*, mwavuli wazi. Nilipovihesabu ubaoni vipande vya mistari yote miwili vililingana na vya Kijapani, saba kisha tano, nami nilifurahi kama mtu aliyeokota kitu njiani.

Mstari wa tatu ulitushinda. *Mada matte iru.* Bado, kisha kungoja.

“Bado nangoja,” mmoja alisema.

“Hapana, anangoja. Ni bibi fulani, iko anangoja bwana yake.”

“Ni mama. Anangoja mutoto.”

“Masera, ni nani njo anangoja?”

Masera Kazuko alitandaza mikono. “Mwimbo haisemi.”

“Lakini wewe unajua.”

“Hata miye sijue. Kwetu unaweza kusema ‘kungoja’ na usitie mutu ndani. Mwenye kuimba anajitia mwenyewe.”

Wasichana walimkatalia. Kwa Kiswahili haiwezekani, walisema, na kweli, kitenzi chetu hakitembei bila mtu mgongoni: na-, u-, a-, tu-, lazima umchague mmoja. Nilisimama mbele ya ubao na chaki, nikiandika na kufuta. Kila nilichoandika kilimfungia nje mtu fulani. Nikiandika “anangoja,” wimbo ulikuwa wa bibi yule wa mbali. Nikiandika “nangoja,” nusu ya darasa walisema wao hawamngoji mtu.

Ndipo sauti ya chini ilitoka karibu na mlango.

“Tusitie mutu.”

Hakuna aliyegeuka haraka. Nadhani hata wao waliogopa itakimbia.

“Tuseme vile vile kungoja,” Furaha alisema. Alikuwa akitazama ubao, si sisi. “Bado ni kungoja tu.”

Niliandika. Ba-do-ni-ku-ngo-ja-tu. Nilipiga mapigo kwa kidole mezani, na yalifika saba, sawa na ya Kijapani, bila kuongeza wala kukata. Masera Kazuko aliimba mstari ule polepole kwa Kiswahili kwa sauti yake nyembamba, akaurudia, kisha akavua miwani akaifuta ingawa haikuwa na vumbi.

“Ni vile,” alisema. “Ni vile kabisa.”

Mmoja wa wasichana wa mbele, ambaye alikuwa kinara wa kucheka lafudhi za watu, alimgeukia Furaha. “Na weye unaimba juu ya nani?”

Nilitaka kumzuia. Furaha alijibu kabla yangu.

“Juu ya baba. Hatukumuzika.”

Jirani yake alisogea karibu naye. Kisha yule yule wa mbele akasema, “Miye ni juu ya kaka yangu. Alienda Kalehe, haandikie.” Mwingine akasema wake. Somo likageuka kitu ambacho hakimo katika mpango wowote wa masomo, na sikulirudisha. Kengele ililia, hakuna aliyeinuka.

Siku ya sikukuu mvua ilinyesha asubuhi ikakoma. Mama yake Furaha alikuwa amefika kutoka Shabunda, safari ya pikipiki na miguu, vitenge vyake bado vina matope pindoni. Alikaa karibu na shangazi, mgongo umenyooka, kama mtu aliyeitwa ofisini. Wasichana waliimba ubeti kwa Kijapani. Kisha wote walinyamaza, na Furaha peke yake akakichukua kiitikio kwa Kiswahili: treni haijafika, mwavuli wazi, bado ni kungoja tu. R yake ilikuwa ya Kirega, haikujificha popote. Hakuna aliyecheka. Papa Balola, aliyesimama ukutani na mikono kifuani, alishusha mikono.

Baada ya wimbo Maman Prefe alimwita mbele ya wazazi akamwuliza jina lake na atokako. Furaha alijibu yote mawili kwa sauti ya kusikika mpaka nyuma. Maman Prefe akanitazama, akaitikia kwa kichwa mara moja, na mambo ya kurudishwa nyumbani yakaishia hapo.

Lakini ninachokumbuka zaidi kilikuja baadaye, wakati watu walipokuwa wakinywa fanta. Mama alimshika binti yake mkono, akamwuliza kwa Kiswahili ili sisi tuliokuwa karibu tusione amejitenga, “Mwanangu, treni ni nini?”

Furaha alimweleza: gari refu la chuma, linapita njia yake tu, lina mahali linaposimama, na watu hukaa pale kungoja liwaletee watu wao.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. “Kumbe,” alisema, “hata siye tuko pale.”

Wakakaa wameshikana mikono. Niliondoka nikaenda kuhesabu viti, kazi ambayo haikuwa yangu.

Furaha alimaliza masomo kwetu. Hakuwa msemaji mkubwa, lakini alisema alipotaka, na aliponiaga aliniambia anarudi Shabunda kufundisha watoto wadogo kusoma. Anafundisha mpaka leo. Baba hakupatikana. Masera Kazuko alirudishwa kwao uzeeni. Siku ya kuondoka wasichana walipanga kumwimbia, naye akawakataza, akasema akilia miwani itaingia ukungu na atakosa ngazi. Walimwimbia hata hivyo. Ngazi hakuikosa.

Baada ya hapo niliendelea peke yangu. Kaseti zilikatika, zikaja sidi, zikaja simu. Kulikuwa na miaka ambayo mji ulikuwa na hofu na shule ikafungwa na kufunguliwa, na wasichana waliporudi niliwaanzisha sikuzote kwa wimbo wa Kijapani, kwa sababu unafungua koo bila kumwuliza mtu ametoka wapi wala ameona nini. Hilo naliweka hapa kwa ajili yenu mtakaofundisha: si lazima kiwe Kijapani. Tafuteni lugha ambayo darasani hakuna mwenyeji wake.

Nyimbo zenyewe nazo zimebadilika. Wasichana wa sasa wananiletea za filamu za katuni za Kijapani wanazotazama kwenye simu. Hizi hazina subira ya kungoja treni. Zinatumia noti zote saba, fa na si zimerudi kwa kishindo, maneno yanamwagika kama mahindi kutoka gunia, na unapodhani wimbo umefika mwisho unaruka juu kwa hatua moja na kuanza upya kama mtu aliyekunywa kahawa. Mwanzoni nilizikataa. Kisha nilianza kuzichunguza, na nikaona kwamba chini ya kelele mambo ni yale yale. Sehemu ya kwanza inakaa chini ili upumzike. Vipande vimefunguka. Ile sehemu ambayo wote wanaingoja inapanda, na haipandi kupita wewe, ukiwa na miaka kumi na sita.

Juma la mwisho la kazi yangu Patient alisimama mbele na simu yake na spika ndogo, akawafundisha wasichana wimbo mmoja wa hizo. Sikutaka kukaa pembeni kama mkaguzi. Nilivuta kiti nikaketi katikati ya wasichana wa sauti ya pili, nikavaa miwani, nikautazama ubao. Mstari wa kwanza niliuweza. Wa pili niliufuata kwa mbali. Kwenye wa tatu ulimi ulijikunja, nikacheka, nikaingia tena mahali ambapo si pangu. Msichana aliyekaa kando yangu, ambaye nimemfundisha tangu akiwa hajui do ni wapi, aliniinamia akaweka kidole chake ubavuni mwangu, akanigongea mapigo.

“Madame,” alinong'ona, “umeruka moja. Pale haisemake, unanyamaza. Tuanze tena, pole pole.”

Tukaanza tena, pole pole.